Shibe si Lishe: Kiazi Kitamu katika Mlo wa Watu wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno "kushiba" na "kula vizuri" hutumiwa aghalabu kana kwamba yana maana moja. Mtu aliyeshiba huhesabiwa kuwa amekula, na nyumba ambamo watoto hulala wameshiba huhesabiwa kuwa haina njaa. Wataalamu wa lishe hawaikubali hesabu hiyo. Wao hutofautisha shibe, ambayo ni hali ya tumbo, na lishe, ambayo ni hali ya mwili mzima. Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini ipo njaa inayowaweka wawili hao ndani ya mtu mmoja. Huitwa njaa iliyofichika, nayo ni upungufu wa vitamini na madini katika mwili wa mtu ambaye hakosi chakula.

Makala haya yanaeleza nafasi ya kiazi kitamu katika kuikabili njaa hiyo, kwa kurejelea mji wa Kitale katika Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma, kaunti jirani iliyo upande wa kusini-magharibi. Maeneo hayo mawili, yote yakiwa chini ya Mlima Elgon, yamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, huzalisha chakula kwa wingi, na kwa hivyo hudhihirisha wazi tofauti iliyopo baina ya shibe na lishe. Pili, Bungoma ni mojawapo ya mahali ambapo kiazi kitamu kiliwahi kuingizwa katika huduma za kliniki za waja wazito. Hoja kuu ya makala ni kwamba kiazi kitamu kina thamani kubwa katika mlo, lakini thamani hiyo haipatikani kwa kiwango kimoja katika kila kiazi wala katika kila namna ya kukila. Inategemea rangi ya nyama yake, jinsi kinavyopikwa na kile kinacholiwa pamoja nacho.

Kiazi na Majina Yake

Kiazi kitamu, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Ipomoea batatas, asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Inaaminika kwamba kilifika Afrika kwa vyombo vya Wareno kuanzia karne ya 16. Tangu hapo kimezoeleka kiasi kwamba wengi hukihesabu kuwa chakula cha asili. Katika baadhi ya lahaja za Kiluhya huitwa mabwoni, na Wajaluo hukiita rabuon.

Historia ya jina lake ina kichekesho kidogo. Neno batata, lililotoka visiwa vya Karibi, lilikuwa jina la kiazi kitamu. Lilipozunguka katika lugha za Ulaya na hatimaye kuingia katika Kiswahili kwa umbo la mbatata, likawa jina la kiazi kingine, yaani kiazi ulaya, ambacho Wakenya wengi hukiita pia waru. Mimea hiyo miwili haina undugu wa karibu. Kiazi ulaya ni wa ukoo mmoja na nyanya na biringanya, na majani yake yana sumu. Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa wa mmea utambaao, na majani yake ni mboga safi. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu, kwani, kama itakavyoelezwa, majani hayo ni sehemu ya lishe ambayo nyumba nyingi za Kitale na Bungoma huipoteza.

Katika Ghala la Mahindi

Haiwezekani kuzungumzia mlo wa Kitale bila kuanza na mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka wa 1956, na mwaka wa 1964 mbegu chotara iitwayo H611, iliyotokana na utafiti uliofanyiwa Kitale, ilitolewa kwa wakulima. Trans Nzoia ikawa ghala la taifa. Bungoma nayo ina mahindi, maharagwe na mashamba ya miwa. Mtoto anayezaliwa katika maeneo hayo huanza kula uji wa mahindi akiwa angali ananyonya, kisha hukua akila ugali.

Mahindi hayo ni meupe, nayo mahindi meupe hayana karotini, kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mahindi ya manjano huwa nayo kiasi, lakini Wakenya wengi huyakumbuka kwa ubaya, hasa yale yaliyoagizwa kutoka Marekani baada ya ukame wa mwaka wa 1984. Rangi yake ilinasibishwa na njaa, msaada na chakula cha mifugo. Hapa panaonekana jambo litakalojirudia katika maelezo ya kiazi: rangi ileile inayobeba lishe ndiyo iliyobeba pia dharau.

Vitamini A ina kazi nyingi mwilini. Huyawezesha macho kuona katika mwanga hafifu, huimarisha ngozi ya ndani ya njia ya hewa na ya utumbo, na huusaidia mwili kupambana na maradhi kama vile surua na kuhara. Dalili moja ya upungufu wake ni mtoto kushindwa kuona vyema jua linapotua. Upungufu ukizidi, jicho hukauka na huweza kupofuka kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka duniani kwa sababu hiyo, na kwamba nusu yao hufariki katika miezi 12 baada ya kupofuka.

Serikali ya Kenya imechukua hatua kadhaa. Watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Tangu mwaka wa 2012, sheria huwataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti, na vitamini A katika mafuta ya kupikia. Hata hivyo, mkulima aliyevuna mahindi yake mwenyewe hanunui unga wa pakiti. Hupeleka gorogoro zake kwenye kinu cha kijijini na kurudi na unga usiotiwa chochote. Kwa hivyo, mwenye mahindi tele ndiye anayeweza kukosa kile ambacho mkazi wa mjini hukipata dukani. Kwa nyumba ya namna hiyo, vitamini inayoota shambani ina maana kubwa.

Yaliyomo Ndani ya Kiazi

Katika masomo ya shule za msingi, vyakula hugawanywa katika makundi matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Kiazi kitamu huwekwa katika kundi la kwanza, pamoja na ugali na muhogo. Mgawanyo huo ni sahihi, ila haukamiliki. Takriban robo tatu ya kiazi kibichi ni maji. Gramu 100 zake huwa na wanga wa gramu 20 hivi, nyuzinyuzi za gramu 3, protini isiyofika gramu 2, na mafuta kidogo mno. Kina pia madini ya potasiamu, ambayo husaidia kudhibiti shinikizo la damu, na vitamini C kiasi. Nyuzinyuzi hizo hurahisisha choo na humfanya mlaji asihisi njaa upesi.

Tofauti kubwa iko katika karotini. Kiazi chenye nyama nyeupe kina karotini chache mno. Kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea kinayo kwa wingi. Majedwali ya lishe ya Marekani yanaonyesha kwamba gramu 100 za kiazi kibichi cha aina hiyo hutoa vitamini A ya takriban mikrogramu 700. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 3 huhitaji mikrogramu 300 kwa siku, mama mjamzito 770 hivi, na mama anayenyonyesha 1,300. Kiwango hutofautiana kutoka aina hadi aina na sehemu yake hupungua motoni, lakini hata hivyo kiazi kimoja cha wastani kinaweza kukidhi mahitaji ya mtoto mdogo kwa siku nzima. Isitoshe, karotini ya chakula haina hatari ya kuzidi mwilini kama ilivyo kwa dawa, kwa kuwa mwili huigeuza kwa kadiri ya haja yake. Mjamzito anaweza kula kiazi hicho bila hofu.

Kwa hivyo, kiazi cheupe ni chakula cha kutia nguvu, ilhali kiazi cha rangi ya chungwa kimo katika makundi mawili kwa wakati mmoja: hutia nguvu na hulinda mwili. Vyote viwili havitoshi kujenga mwili, kwa kuwa protini yake ni kidogo. Anayemlisha mtoto kiazi kitupu, hata kiwe cha rangi gani, atakuwa ameondoa upungufu mmoja na kuacha mwingine.

Rangi na Neno

Jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, maana ujumbe wote wa lishe unabebwa na neno moja la rangi. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya asili vya rangi vinavyopokea viambishi vya upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kuazima majina ya vitu, kama vile kijani kutokana na jani, kahawia kutokana na kahawa, kijivu kutokana na jivu, na manjano kutokana na kiungo cha jina hilo.

Mwalimu wa afya anapowaambia akina mama wale "viazi vyekundu", wao huelewa viazi vyenye ganda jekundu, ambavyo ni vingi sokoni na aghalabu ni vyeupe ndani. Akisema "viazi vya manjano", wataleta pia vile vyenye nyama ya manjano hafifu, ambavyo karotini yake ni ndogo. Akisema "viazi vya rangi ya chungwa", bado upo utata, kwa sababu machungwa mengi yanayouzwa katika masoko yetu yana ganda la kijani. Hakuna kosa la sarufi katika maneno hayo. Kosa liko katika kutobainisha kinachorejelewa, ganda au nyama. Maelezo yenye manufaa ni yale yanayomwonyesha msikilizaji kitu anachokijua: kiazi ambacho kikikatwa, ndani yake ni kama karoti au papai lililoiva. Mnunuzi wa Kitale au wa soko la Chwele anaweza kumwomba muuzaji akate ncha ya kiazi kimoja kabla ya kulipia fungu zima. Ganda halisemi chochote kuhusu vitamini.

Kiazi Kilipoingia Kliniki

Ujuzi huo ulijaribiwa kwa vitendo katika magharibi mwa Kenya. Kati ya mwaka wa 2009 na 2014, Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake makuu mjini Lima nchini Peru, kilishirikiana na shirika la PATH na wizara za serikali katika mpango ulioitwa Mama SASHA, uliotekelezwa Bungoma na Busia. Mama mjamzito alipohudhuria kliniki alipewa mafunzo ya lishe pamoja na vocha. Vocha hiyo aliipeleka kwa mkulima wa karibu aliyezalisha marando, yaani mashina ya kupandia, akapewa marando ya kutosha kipande kidogo cha shamba. Wahudumu wa afya wa kijijini waliwakusanya akina mama katika vikundi ili wazungumzie ujauzito, unyonyeshaji na mapishi.

Mbegu zilizogawiwa ziliitwa Kabode na Vita, zote zikiwa zimetokana na kazi ya watafiti wa Uganda. Hapo awali, aina iitwayo Kakamega ilikuwa imevuka mpaka kutoka Kenya kwenda Uganda. Kabode na Vita zikarudisha hisani hiyo. Mwaka wa 2016, Mganda Robert Mwanga, aliyeshughulikia uzalishaji wa mbegu hizo, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis.

Hekima ya mpango huo ilikuwa katika kuunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hukaa mbalimbali. Kliniki hutoa ushauri bila mbegu, na afisa wa kilimo hutoa mbegu bila kujua nani mjamzito. Vocha iliwaunganisha. Akina mama walipata sababu ya ziada ya kwenda kliniki mapema, na walioshiriki waliongeza ulaji wao wa vyakula vyenye vitamini A. Mpango huo ulithibitisha kwamba methali isemayo kizuri chajiuza haina ukweli daima. Kiazi hicho kilikuwa kizuri, lakini kilihitaji muuguzi wa kukisemea.

Kutoka Shambani hadi Sahanini

Kiazi kitamu hukomaa kwa miezi 3 hadi 5, ilhali mahindi ya nyanda za juu za Kitale huchukua miezi 6 au zaidi. Familia iliyopanda mahindi mwezi wa Machi au Aprili hupitia kipindi kigumu kabla ya mavuno, wakati ghala limepungua na mahindi mapya bado mabichi. Tuta la viazi huziba pengo hilo. Aidha, viazi huweza kuchimbwa vichache vichache kwa kadiri ya mahitaji, huku vilivyosalia vikiachwa ardhini, ingawa vikikaa mno hushambuliwa na fukusi.

Jikoni pana mambo matano ya kuzingatiwa. Kwanza, ni bora kiazi kichemshwe na ganda lake katika sufuria iliyofunikwa, kisha kimenywe baadaye; kwa njia hiyo sehemu kubwa ya karotini hubaki. Mwenye ugonjwa wa kisukari naye afadhali ale cha kuchemsha kuliko cha kuchoma au kuoka, kwa kuwa kilichochemshwa hupandisha sukari ya damu taratibu zaidi, mradi ale kwa kiasi.

Pili, karotini huyeyuka katika mafuta. Mlo usio na mafuta kabisa huiacha sehemu kubwa ipite bila kufyonzwa. Kijiko kidogo cha mafuta, njugu karanga zilizosagwa au kipande cha parachichi kinatosha.

Tatu, protini itoke kwingine. Hapa mapishi ya Waluhya yalitangulia ushauri wa wataalamu, kwani mushenye, viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe, huunganisha nishati na protini katika chungu kimoja. Mushenye ya viazi vya rangi ya chungwa, iliyotiwa mafuta kidogo, inakaribia kuwa mlo kamili. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, kiazi hupondwa laini na kuongezwa maziwa au maharagwe yaliyochujwa maganda, huku akiendelea kunyonya.

Nne, chai. Desturi ya kula viazi kwa chai asubuhi imeenea kotekote. Haina ubaya mkubwa, lakini chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Mjamzito mwenye upungufu wa damu afadhali ainywe saa moja au mbili baada ya mlo.

Tano, majani. Katika pwani ya Kenya na nchini Tanzania, majani ya viazi huitwa matembele na ni mboga ya kawaida mezani. Kitale na Bungoma, kwa kawaida, majani hayo huachiwa ng'ombe na mbuzi, ilhali yana karotini, vitamini na madini, hata yale ya kiazi chenye nyama nyeupe. Nyumba isiyo na marando ya rangi ya chungwa haijakosa kila kitu. Inaweza kuanza na majani yaliyopo.

Kukausha viazi ni jambo jingine linalohitaji uangalifu. Wateso, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, hukausha vipande vya viazi viitwavyo amukeke, na Wasukuma wa Tanzania wana michembe yao. Njia hizo huhifadhi nishati kwa miezi mingi, ila jua kali na muda mrefu ghalani hupunguza karotini. Vikaushwavyo kivulini na kuliwa mapema huhifadhi zaidi.

Vikwazo

Pamoja na sifa hizo, kiazi cha rangi ya chungwa hakijashika nafasi ya kile cheupe. Watu wazima wengi hupenda kiazi kikavu chenye unga mwingi, na aina nyingi za rangi ya chungwa zina maji zaidi. Watoto, kinyume chake, huvipenda kwa ulaini na utamu wake, jambo ambalo ni bahati njema, kwa kuwa wao ndio wenye haja zaidi. Marando nayo hunyauka wakati wa kiangazi, na mkulima asiye na kitalu karibu na maji huanza upya kila msimu.

Kikwazo kilicho kigumu zaidi ni cha hadhi. Mkate mweupe mezani huhesabiwa kuwa heshima kwa mgeni, na kiazi huhesabiwa kuwa chakula cha asiye na uwezo. Familia inaweza kuuza gunia la viazi ili inunue mkate, na kwa kufanya hivyo ikabadilisha kilicho bora kwa kilicho hafifu na kulipia tofauti hiyo. Dharau hiyo haiondolewi kwa mbegu wala kwa vocha. Huondolewa kwa maelezo yanayoeleweka na kuaminika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kiazi kitamu hutia nguvu, husaidia tumbo, na, kinapokuwa na nyama ya rangi ya chungwa, humpa mtoto na mama vitamini ambayo ugali mweupe hauna. Yameonyesha pia mipaka yake: hakina protini ya kutosha, kinahitaji mafuta kidogo, na hakichukui nafasi ya matone ya kliniki wala ya mlo mchanganyiko.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ipo kazi iliyo wazi. Maarifa ya lishe huandikwa kwanza katika lugha za kigeni, kisha muuguzi katika zahanati ya kijijini huachiwa ayatafsiri papo hapo, mbele ya foleni ya akina mama. Iwapo istilahi hazikuandaliwa vyema, atasema "viazi vyekundu", na mama mtiifu atarudi nyumbani na kumlisha mwanawe viazi vyeupe vyenye ganda jekundu. Mtoto atashiba. Jioni jua likitua, ataendelea kupapasa njia.